Siku Ishirini za Sumaku

Nandagala, Ruangwa
9 Februari 2004

Mdogo wangu Bruda Fransisko,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko kwenye baridi? Barua yako ya Noeli ilisema theluji imefika magotini, nikaisoma nimekaa jikoni nikajiona na mimi natetemeka. Kifua kimepona? Unakula? Ulisema chakula cha nyumba yenu ya watawa ni viazi, kesho viazi, keshokutwa viazi. Kama kuna njia ya kukutumia unga wa muhogo usifunguliwe njiani, niambie.

Sisi hatujambo kwa mapenzi ya Mungu. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa pamoja, tunapalilia mahindi kama watu wanaokimbizwa. Jirani yangu Doris, yule uliyemtengenezea kabati la vyombo, anakusalimu. Anasema mlango wa kabati umeanza kulalamika, urudi uurekebishe. Nimemwambia huyo sasa ni seremala wa Ujerumani, hashiki tena milango ya Nandagala.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini niandike. Ni mwanangu Lusiana. Mumewe, Mwalimu Fabiani, amemleta nyumbani kutoka Kiegei katikati ya Januari. Hakumleta kwa ugomvi. Alimshusha kwenye baiskeli, akamtandikia mkeka, akaniambia yeye ameshindwa, labda akikaa kwetu atazungumza. Ni mwaka wa tatu sasa wa ugonjwa huu. Unajua Lusiana alivyokuwa, mwalimu kama mumewe, ambaye darasa lake likiimba linasikika hadi barabarani. Sasa anakaa ameegemea ukuta tangu asubuhi. Ukimpa uji anaushika mpaka unapoa. Hakuna aliyemfia, hakuna aliyemwacha, homa hana. Watu wakiniuliza anaumwa wapi, nakosa pa kuwaonyesha.

Hospitali ya Nachingwea tumekwenda mara tano. Daktari anaiita sonona. Alimpa vidonge vya aina moja, akabadilisha, akabadilisha tena. Hivi vya sasa vinampa usingizi na siku nyingine anaoga mwenyewe, lakini uzito hauondoki. Daktari ni mtu mwema, aliniambia ukweli, kwamba alivyo navyo ndivyo hivyo, na asiviache. Mzee Seleman, mdogo wa marehemu mume wangu, anataka tumpeleke kwa mganga kule Nanganga. Fabiani hataki. Nimewaambia wote wanyamaze, mtoto huyu ana mjomba. Wewe unajua kwetu: mtoto akipata ugonjwa usioeleweka, upande wa baba watasema, mume atasema, lakini mjomba akishasema maneno yamekwisha. Na mjomba wake ni mmoja tu. Umevaa kanzu ya utawa na uko ng'ambo, lakini ujomba hukuuvua.

Kwa hiyo tunangoja neno lako. Nitalisoma mbele ya wote.

Mengine ni ya kawaida. Kuku wanataga. Lile kopo la dawa ya kupulizia mikorosho nimelihamishia kwa Doris, maana nafasi ya ghalani imekuwa ndogo.

Usichelewe kunijibu.

Dada yako,
Winfrida


Bavaria, Ujerumani
14 Machi 2004

Dada yangu Winfrida,

Milele amina. Barua yako imenifikia Jumatano, bahasha imechakaa pembeni kana kwamba ilikuja kwa miguu. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Kifua kimepona. Viazi bado vipo. Mwambie Doris mlango haulalamiki bure, aache kuufunga kwa kisigino.

Kwanza nakuuliza jambo, unijibu bila kuzunguka. Kopo lile umelihamisha kwa nini? Ghala lako nililijenga mimi mwenyewe, Dada. Nafasi ipo.

Pili ni Lusiana. Nimeisoma barua yako kanisani, nikaenda nayo karakana nikaisoma tena, na nakuandikia nikiwa na furaha maana nina habari. Hapa mjini kuna hospitali inayojaribu tiba mpya ya ugonjwa huo huo, kwa wale ambao vidonge havikuwasaidia. Tiba yenyewe ni sumaku. Mgonjwa anakaa kwenye kiti kama cha kinyozi, yu macho, hachomwi sindano. Wanachukua kitu chenye umbo la namba nane, wanakiweka kichwani upande wa kushoto, juu ya paji. Kinagonga ta-ta-ta-ta, kama nyundo ndogo unapopigilia misumari ya kiti. Kinanyamaza, kinagonga tena. Inachukua kama nusu saa, kwa siku ishirini.

Namfahamu mgonjwa mmoja aliyemaliza siku zake Ijumaa hii. Ni mtu wa makamo, mtu wa sala. Kwa miaka mitatu aliamka kila siku kana kwamba gunia la mchanga limewekwa kifuani. Alimeza vidonge vya aina nne, vyote bure, na daktari alimwachisha vyote kabla ya kuanza sumaku. Na sasa mtu huyo amecheka mezani, Dada. Wenzake waligeuka kumtazama. Amemaliza sahani yake. Mimi humsindikiza hospitali, nimemwona kwa macho yangu.

Mwambieni Lusiana huzuni ina dawa, na dawa ni sumaku. Hilo ndilo neno langu kama mjomba. Kwa mganga asipelekwe. Nitaulizia kama mashine hiyo imefika Dar es Salaam, ingawa hapa ninaowauliza hawajui.

Salimia wote, na hasa Fabiani, maana ana kazi ngumu. Nijibu lile la kopo.

Ndugu yako,
Fransisko


Nandagala, Ruangwa
25 Aprili 2004

Mdogo wangu Bruda,

Amani ya Pasaka iwe kwako. Hujambo? Sisi wazima, na safari hii naandika nikiwa na nguvu. Mahindi mabichi tumeshaanza kuchoma. Padre amekuja Nandagala kwa misa ya Pasaka mwaka huu, watu walijaa hadi nje, na aliponiuliza habari zako nilijivuna kidogo. Mungu anisamehe.

Barua yako ilifika Jumamosi Kuu. Jumatatu ya Pasaka niliwaita Mzee Seleman, Fabiani na Doris, Lusiana akiwa ameketi katikati yetu, nikaisoma yote kwa sauti isipokuwa pale pa kopo. Nilipofika mwisho hakuna aliyebisha. Mzee Seleman alisema mjomba amekata shauri, habari ya Nanganga imekufa.

Tukajadili sumaku tutaitoa wapi. Fabiani alisema mashine ile ni ya umeme na tungoje ujibu kuhusu Dar es Salaam, lakini alisema kwa sauti ndogo, na mgonjwa ni wa kwetu. Nikaenda Ruangwa sokoni kwa Twaha, fundi wa redio. Yule ni mtani wangu. Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka chini waya aliokuwa anaunganisha, akasema watu wa Nandagala tumezidi, sasa tunataka kufungulia taarifa ya habari kichwani mwa mwalimu. Nikamwambia yeye redio zake zote zinakohoa, angemwita daktari aziangalie. Lakini ni mtu mzuri. Alifungua spika kubwa iliyokufa akanitolea sumaku nzima, pana kama kitumbua, nzito, inanyakua kisu kutoka mezani.

Tulianza tarehe kumi na nne. Kila asubuhi naifunga kwa kitambaa upande wa kushoto juu ya paji, kama ulivyoandika. Kwa kuwa ya kwetu haigongi, nagonga mimi kwa mwiko mdogo, ta-ta-ta-ta. Nafuata rozari: Salamu Maria kumi nagonga, Baba Yetu nanyamaza, kisha kumi tena. Ikiisha rozari ni kama nusu saa yako hiyo. Na vidonge tumemwachisha kama alivyoachishwa mgonjwa wako. Mzee Seleman alivichimbia nyuma ya choo, kuku wasile.

Fransisko, siku ya tatu alinena. Alisema, "Mama, mkono wako umechoka." Nililia. Siku ya sita alifagia uwanja. Leo ni siku ya kumi na mbili. Usingizi umepungua, anazungukazunguka nyumba, lakini nasema ni nguvu zinarudi. Na juzi alimpa Doris kanga zake mbili nzuri, zile za arusi, akazikunja vizuri na kumpelekea mwenyewe. Nilifurahi. Nikasema roho yake ya kutoa imerudi.

Kopo liko kwa Doris, salama. Tuliache hilo.

Huyo mgonjwa wako jina lake nani? Tunataka kumtaja katika rozari. Niandikie mapema, maana siku ya ishirini itafika na sijui baada yake tunafanya nini.

Dada yako,
Winfrida


Bavaria, Ujerumani
13 Mei 2004

Dada,

Tumsifu Yesu Kristo. Nisamehe sikuulizi habari za shamba. Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Tangu hapo napiga simu parokiani Nachingwea, haiingii. Padre mmoja anaruka Jumapili kwenda Dar es Salaam na ataendelea hadi Nachingwea, nampa barua hii mkononi aifikishe. Ukiipata, isome umesimama kisha uende.

Mrudishe Lusiana hospitali apate vidonge vyake. Usingoje kumaliza kusoma kama hujafanya hivyo.

Na mtu asimwache peke yake hata kwenda kisimani. Kanga mbili, Dada. Nilipofika hapo niliketi sakafuni. Mwaka jana Novemba niligawa patasi zangu kwa mabruda vijana, zote, hata zile mbili nilizotoka nazo Nachingwea. Walinishukuru, wakasema Fransisko ana moyo wa kutoa. Ni mkuu wetu wa nyumba peke yake aliyeniita akaniuliza, "Na wewe kazi utafanyia nini?" Siku hiyo hiyo alinipeleka hospitali.

Basi umeshajua. Mgonjwa ninayemfahamu ni mimi. Jina la kutaja katika rozari ni la mdogo wako. Nilificha kwa sababu ya kanzu hii. Nilifikiri watu watasema, kama anayesali mara tano kwa siku anashindwa kuamka, sisi tufanyeje. Nilificha pia kwa sababu mlikuwa mnangoja neno la mjomba, na mjomba mgonjwa neno lake lina uzito gani?

Sasa sikiliza kuhusu sumaku. Ule ulikuwa utafiti. Tulikuwa thelathini na wawili, na nilitia saini nikijua kwamba nusu yetu tutawekewa mashine ya kweli, nusu mashine inayogonga tu bila kuwa na nguvu ndani, ili waone tofauti. Hakuna aliyeambiwa yuko upande upi. Nilipokuandikia Machi nilijua hilo na sikukuambia, kwa kuwa nilikuwa nimecheka na sikutaka swali lolote liniguse. Juma Kuu nikaanguka. Ijumaa Kuu sikuweza kufunga viatu. Tarehe kumi na tisa Aprili daktari, mama mmoja mpole, aliniita akaniambia nilikuwa upande wa ile ya uongo.

Nilimuuliza, je, waliopewa ya kweli? Alisema kati yao kumi na sita, sita wamepata nafuu inayoonekana, wawili kidogo, wengine hakuna kitu. Upande wetu ni wawili. Kwa hiyo kipo kitu, Dada, lakini si kile nilichokutangazia. Wiki mbili zilizopita wamenianzisha ile ya kweli. Ya leo ilikuwa ya kumi na nne. Hii unaisikia, inavuta ngozi ya paji, jicho linapepesa lenyewe. Unaniuliza imenisaidia? Sijui. Jana niliamka kabla ya kengele. Leo sikuamka. Nimejikataza kukuandikia furaha tena mpaka nijue.

Sumaku ya Twaha inavuta kisu, lakini ndani ya kichwa haifanyi kazi. Ile ya hapa inawaka na kuzimika kwa umeme mara nyingi kwa sekunde, na huko kuwaka na kuzimika ndiko kunakofika kwenye ubongo. Kitu kilichotulia hakifiki. Na mimi niliachishwa vidonge nikiwa nalala hospitali, natazamwa usiku na mchana. Hilo nalo sikuliandika.

Najua kwetu neno la mjomba haliondolewi na barua ya siri. Kwa hiyo waite wale wale, uisome hii yote mbele yao, na hapa pa kanzu na patasi usiruke. Neno la kwanza nalifuta. Neno langu ni vidonge, na watu kando yake.

Kopo liko wapi? Sasa hivi, unaposoma, liko wapi?

Fransisko


Nandagala, Ruangwa
30 Mei 2004, Pentekoste

Mdogo wangu,

Milele amina. Umeamkaje leo? Nakuuliza kweli, si kwa desturi ya barua. Nataka unijibu kwa kila siku umeamkaje, hata kama ni mstari mmoja.

Lusiana yu hai. Nimeliandika kwanza ili upumue.

Nilikudanganya, na nitaanzia hapo. Kopo nililihamisha kwa sababu mwishoni mwa Januari nilimkuta amesimama ghalani analitazama. Analitazama tu. Nikajiambia nikilitoa nyumbani na jambo lenyewe limetoka. Doris sikumwambia sababu, kwa aibu. Yeye akaliweka nyuma ya nyumba chini ya debe, kama mtu yeyote anavyoweka dawa.

Jumapili tarehe mbili Mei, wewe hujapata hata barua yangu, ilikuwa siku ya kumi na tisa. Nilimfunga sumaku asubuhi, nikagonga, nikaenda kwenye ibada nikamwacha amelala. Doris hakwenda, alikuwa amevimba mguu. Alitoka nyuma kumwaga maji akamkuta Lusiana ameketi chini, kopo mapajani, kifuniko bado kimefungwa, kitambaa changu na sumaku bado viko kichwani. Doris alikaa kando yake. Anasema alimwambia, "Mwalimu, hilo zito, nipe nikusaidie kushika," na Lusiana akampa, akasema, "Kesho ndiyo ya ishirini. Nilikuwa nafikiri kama ningoje iishe."

Twaha ndiye aliyetupeleka Nachingwea kwa pikipiki ya kaka yake, Lusiana katikati, mimi nyuma. Njia nzima mtani wangu hakutania hata mara moja. Daktari alimlaza. Siku ya pili, Lusiana aliniomba tumalize ile ya ishirini. Niliona haya, lakini nilichukua kijiko cha hospitali nikagonga. Daktari akatukuta. Nikamweleza yote, barua, spika, rozari, vidonge kuchimbiwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Mama, kugonga gonga ukipenda. Vidonge ungeniuliza." Hakunipigia kelele. Ningeona afadhali anipigie.

Tulirudi tarehe kumi na nne na vidonge vipya, na hapo ndipo nilipopata taabu ambayo hukuijua. Alikataa kuvimeza. Alisema mjomba ameagiza sumaku na mjomba hajasema lingine. Mzee Seleman akamuunga mkono, akasema neno halijafutwa. Siku kumi na tatu nililala mlangoni kwake.

Padre alileta barua yako Alhamisi. Niliwaita wale wale. Nilisoma nimesimama kama ulivyosema. Nilipofika pa kanzu nilitaka kuruka, nakuambia ukweli, nikaona macho ya Lusiana yako kwenye karatasi. Nikasoma. Patasi, Ijumaa Kuu, viatu, yote. Kisha Mzee Seleman akauliza, "Hata bruda?" Fabiani akamjibu, "Hata bruda, Mzee." Mzee akavua kofia, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani amechukia. Baadaye nilimwona anachimba shimo lingine kule nyuma ya choo, refu la kiuno, anazika kopo.

Lusiana aliniomba barua akaisoma mwenyewe mara mbili. Kisha akaomba maji. Akameza kidonge. Amemeza kila siku tangu Alhamisi, leo ni cha nne. Hajapona. Uji bado unapoa mkononi. Siandiki furaha, nimejifunza kwako. Fabiani anakuja kila Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, na mtu kando ya Lusiana yupo daima, mimi au Doris na mguu wake.

Sumaku nimeirudisha kwa Twaha. Hakuipokea, anasema imeshakuwa ya kanisa.

Nabakiza nafasi hapa chini kwa sababu ameomba kalamu. Tangu mwaka juzi hajaandika hata jina lake. Sijui ataandika nini na ameniambia nisisome.

Dada yako,
Winfrida


Shikamoo Mjomba.

Mwandiko wangu umeharibika, samahani. Sijui niandike nini. Nilidhani niko peke yangu katika ukoo.

Ile ya kweli ikifika ishirini uniambie ilivyo, hata kama haikusaidia. Usiipambe.

Patasi zako umezidai? Mimi kanga moja nimemwomba Doris, akanirudishia, nimeivaa leo kanisani. Ya pili bado sijaidai. Nimemwambia aitunze kwanza.

Mama anasema barua inakwenda mwezi na kurudi mwezi. Nimehesabu, ni mwisho wa Julai. Nimemwahidi Mama kwamba nitangoja jibu lako. Tafadhali nijibu upesi.

Lusiana